Aliyesimamisha muvi PALE, kwa rimoti YANGU, ajue sijalala

Wakuu, salamu baadaye. Mikono bado inatetemeka na hasira ni mbichi, za jana saa sita usiku.

Yule jamaa mnamjua. Hajawahi kumaliza muvi hata moja tangu azaliwe, lakini ana hukumu ya muvi zote duniani. Jana nikamkaribisha, kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, turudie Batman v Superman ya 2016. Siyo ile iliyokatwakatwa ya kumbi za sinema. Toleo refu, saa tatu na ushee. Nilitaka kuitendea haki, maana miaka yote nami nilikuwa kwenye kwaya ya kuiponda.

Tukaenda vizuri mpaka tukafika pale. Batman kamkanyaga Superman shingoni, keshamchana shavu kwa ule mkuki wa kriptonaiti, lile jiwe linalommaliza nguvu, bado kummalizia tu. Superman pumzi zimekata, anakoroma kwamba unamwacha amuue Martha, yaani mama yake Superman. Jamaa akachukua rimoti. AKASIMAMISHA. Akabana pua, akasema "Maaaartha" kwa sauti ya mbuzi aliyesahauliwa nje na mvua inanyesha. Sebule nzima hoi kwa kicheko. Mdogo wangu wa tumbo moja naye hoi.

Rimoti yangu. Betri nimenunua mimi.

Niwaulize, muvi inaanza na nini? Wazazi wa Bruce, ndiye Batman mwenyewe, wanapigwa risasi, baba mtu yuko chini anakata roho, na neno la mwisho linalomtoka ni jina la mkewe. Martha. Sasa mwenye mkuki hasikii "kumbe mama zetu wajina, basi tuwe marafiki", kama mnavyoimba humu. Anasikia sauti ya baba yake ikitoka chini ya buti lake mwenyewe. Safari hii muuaji wa kichochoroni ni yeye! Mara ya kwanza lilinipita hilo. Jana nimeliona, mwili ukasisimka, machozi yako njiani, na hapo hapo mbuzi akalia.

Na mnajua jamaa alikuwa wapi wakati baba mtu anakata roho? Nyuma ya kochi, makalio juu, anatafuta chaja. Chaja iko mfukoni mwake. Mwanzo hakuuona, mwisho anaucheka.

Hata ile lawama kwamba Superman alikaa tu kama sanamu asilione bomu pale bungeni, toleo refu linajibu: kiti cha magurudumu kilizungushiwa madini ya risasi, na macho yake hayapenyi risasi. Nikaanza kumweleza taratibu. Akanijibu, "Sawa, Martha."

SAWA, MARTHA. Asubuhi hii mdogo wangu kaniamsha kwa jina hilo.

Sisemi muvi haina kasoro. Yule Lex, adui aliyemteka Martha, simtetei, yule kijana alale kwanza. Na pambano likiwa linasubiriwa, Wonder Woman anafungua barua pepe atuoneshe mashujaa wa muvi zijazo, kama tangazo la biashara. Jamaa angesimamisha hapo ningempigia makofi. Lakini PALE?

Kambi_Popote: Naweka kambi hapa.

Buti_la_Shingo: Pole sana, Martha.

Mzee_wa_Kiti_cha_Nyuma: Mkuu punguza jazba. Muvi inayodai nusu saa ya nyongeza ndipo ieleweke ilishafeli. Ilibeba Razzie 4 ile, tuzo za muvi mbovu, na zile hawagawi kwa kuoneana wivu.

Mleta mada: Mzee wangu, heshima yako. Wewe ulitazama toleo lipi?

Mzee_wa_Kiti_cha_Nyuma: Nilitazama kipande.

Mleta mada: KIPANDE!!! Wakuu mmeona? Hawa ndio wanaoshika rimoti za watu.

Kambi_Popote: Mzee, hapo umejichoma mwenyewe 😂

Dada_Popo: Mimi Martha nilishamsamehe. Ninachouliza, yule Batman anaua watu kama kuku, halafu anaumia roho Superman kubomoa mji. Kweli jamani?

Kidevu_cha_Chuma: Na Superman naye mtakatifu? Kwenye Man of Steel ya 2013, yule adui yake Zod alivunjwa shingo na nani?

Dada_Popo: Zod alikuwa anataka kuchoma familia kwa macho. Wale wa Batman walikuwa wanaendesha gari tu.

Kidevu_cha_Chuma: Gari lenye bunduki juu. Dada usitetee majambazi.

Buti_la_Shingo: Yote hayo cha mtoto. Aibu ni Peter Parker, Spider-Man wa 2007, nywele zimefunika jicho, anakata mauno barabarani. Nilijificha chini ya mto.

Nyuzi_za_Kiganjani: Ile ngoma usiiguse!! Amevaa ule uchafu mweusi, anajiona mtanashati kuliko wote, na kina dada wanaopishana naye wanamkunjia uso. Muvi yenyewe inamcheka. Wewe ulidhani unatakiwa umpende? Rudia.

Buti_la_Shingo: Sirudii. Na maadui watatu kwenye muvi moja, wa nini? Yule Venom, adui mmojawapo, kaja mwishoni kama mgeni aliyekosea harusi.

Nyuzi_za_Kiganjani: Hapo sina neno.

Mleta mada: Wakuu, rimoti. Tulikuwa kwenye rimoti.

Dada_Popo: Nani anayejua kwa nini sabtaito zangu zinachelewa? Juzi steringi keshazikwa, maandishi ndiyo kwanza yanasema "nakuja".

Kidevu_cha_Chuma: Kwenye mipangilio, zirudishe nyuma sekunde 4.

Mleta mada: Betri nimenunua mimi lakini.

Dada_Popo: Nimezirudisha. Sasa anajibu kabla hajaulizwa.

Kidevu_cha_Chuma: Basi 3.