Kijana anakimbia Texas, chuo cha miaka miwili. Masomo yake yatahesabiwa akihama?

Mama Kevo, Nakuru

Hamjambo nyote. Kijana wangu yuko chuo cha miaka miwili huko Texas, alipata skolashipu ya mbio za nyika. Sasa ni muhula wake wa tatu, na akimaliza hapo anataka kuhamia chuo kikuu apate digrii kamili. Hunipigia saa nne usiku, kwao ni saa nane mchana. Nikimuuliza masomo, jibu ni lile lile: "Kocha amesema niko sawa." Juzi nikambana anitajie madarasa. Moja ni la kuinua vyuma, jingine la kutembea. Kutembea! Mtoto aliyekuwa akitoka Free Area mbio hadi Lanet na kurudi kabla ya chai, leo anafundishwa kutembea? Aliyepitia njia hii anieleze. Tena kabla ya kuondoka alikuwa amesoma muhula mmoja chuo kikuu hapa nyumbani. Hiyo ina neno?

Miguu Mizito, Kisumu

Mama Kevo, pole. Nilikimbia mita 5,000 huko huko Texas hadi goti likanirudisha darasani kwa lazima, kwa hivyo hayo madarasa ya kutembea nayajua. Nilipata A.

Kocha hamdanganyi. Anachosema ni kwamba kwa kanuni za NJCAA, chama cha michezo cha vyuo hivyo, Kevo anaruhusiwa kuvaa jezi msimu huu. Kuhama ni hesabu nyingine kabisa. Kama NCAA, chama cha michezo cha vyuo vikuu, haikumpitisha alipotoka sekondari, Divisheni ya Kwanza, ngazi yake ya juu kabisa, inamtaka amalize kwanza digrii ya miaka miwili, awe na krediti (alama za uzito wa kozi) 48 zinazohamishika na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.5. Ndani yake lazima kuwe na krediti 6 za Kiingereza, 3 za hisabati na 3 za sayansi. Madarasa ya mazoezi ya viungo wanakubali krediti 2 tu, basi.

Sasa fanya hivi. Akipiga simu, mwambie afungue transkripti, ile hati ya masomo na alama zake, akusomee namba za kozi, moja baada ya nyingine. Vyuo vya umma Texas vina mtindo mmoja wa namba. Chukua ENGL 1301: tarakimu ya kwanza ni ngazi, yaani mwaka wa kwanza, ya pili ni krediti, hapo ni 3. Ukisikia namba inayoanza na 0, hiyo ni kozi ya kujazia mapengo ya sekondari, chuo kikuu hakiihesabu. Vile vile muulize amebakisha ngapi katika zile krediti 42 za masomo ya msingi, yale ya lazima kwa kila digrii. Akizimaliza zote, chuo kikuu chochote cha umma Texas kinazichukua kwa jumla bila kuchambua.

Kingine, achague digrii mapema. Akiingia Divisheni ya Kwanza mwaka wa tatu, awe ametimiza asilimia inayotakiwa ya digrii ile anayoisomea, si ya digrii yoyote tu. Mtu anaweza kuwa na krediti 60 za huku na kule na bado asifike. Kwa hivyo aandikie mshauri wa masomo wa chuo anakotaka kwenda, sasa hivi, asingoje mahafali.

Mwalimu wa Riadha, Kakamega

Ule muhula wa nyumbani una neno, mama, tena kubwa. Miaka 5 ya Divisheni ya Kwanza huanza kuhesabiwa siku mtu anaposajiliwa muda kamili chuo chochote, hata cha hapa Kenya. Na transkripti yake lazima ionyeshwe. Wapo wanaoificha, ikija kugunduliwa ni balaa.

Lakini ndugu yangu wa Kisumu, mbona Divisheni ya Kwanza peke yake? Divisheni ya Pili na NAIA, chama kingine cha michezo cha vyuo, nao wana skolashipu, na digrii ni digrii. Mimi vijana wangu nawaambia waulize kwanza kama kozi ipo, ndipo waulize mambo ya mbio. Sally Kipyego, mkimbiaji wetu, alianzia South Plains College kule Levelland, Texas, akahamia Texas Tech, akasomea uuguzi. Medali ya fedha ya Olimpiki ya London 2012 ilikuja baadaye.

Mama Kevo, Nakuru

Nimempata jana, tumesoma yote, hakufurahia. Kiingereza 1301 na 1302 amepita. Hisabati inaanza na 0. Sayansi hana hata moja! Za mazoezi ziko tatu. Anasema anataka kusomea afya ya jamii, jambo ambalo mimi mamake ndio nalisikia.

Miguu Mizito, Kisumu

Kiingereza kimeisha, hapo amefanya kazi. Hiyo ya 0 akishaipita, muhula ujao achukue MATH 1314, aljebra ya chuo, na baiolojia yenye maabara. Asizirundike mtandaoni: kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, katika zile krediti 12 za lazima kila muhula, za mtandaoni zinazohesabika ni 3 tu. Na asiache darasa katikati ya muhula kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hata kocha akisema sawa. Maabara achague ya Jumanne au Jumatano. Ya Ijumaa asiiguse, maana basi la timu huondoka siku hiyo.