Fomu ya M-CHAT-R: maswali ya 2, 6, 7 na 12 nayajibuje?

MamaMdogo26
Habari zenu. Nimepewa kliniki fomu ya maswali 20, ndiyo au hapana, kabla ya mtoto kupewa rufaa ya uchunguzi wa usonji. Ana miezi 26. Swali la 6 na la 7 nayaona ni lile lile. La 12, kama kelele za kila siku humkera: blenda ikiwashwa, mara nyingi analia, siku nyingine hajali. Na jambo alilolifanya mara mbili tatu tu, niweke ndiyo?

Nesi_Pwani
Dada, hilo la mwisho ndilo linaloharibu fomu nyingi. Umeliona mara chache na si kawaida yake? Jibu ni hapana. Mzazi akiweka ndiyo kwa huruma, alama zinashuka na mtoto anakosa rufaa anayoihitaji.

La 6 ni kuomba: ananyoosha kidole kimoja kwenye biskuti iliyo juu ya kabati. La 7 hataki apewe chochote, anataka nawe uone: ndege, lori, mbuzi anayepita. Akikushika mkono na kuupeleka kwenye biskuti, huko si kunyoosha kidole. Blenda: ikiwa mara nyingi analia, weka ndiyo.

MamaMdogo26
Asante sana. La 2 linauliza kama nimewahi kudhani ni kiziwi. Nimewahi, lakini alipimwa masikio yakaonekana mazima.

Nesi_Pwani
Ndiyo. Linauliza kama uliwahi kuwa na shaka hiyo, basi. Pembeni andika tarehe ya kipimo na majibu yake, maana watakuuliza.

TibaUsemi
Niongezee. La 18, kama anaelewa maagizo, lijaribu mikono ikiwa nyuma na macho usiyapeleke kwenye kitu. Sema “leta kiatu” kwa lugha mnayozungumza nyumbani. Wengi hunyoosha kidole bila kujijua, kumbe mtoto amefuata kidole, neno hakulielewa.

La 14, kukutazama machoni, wapo wanaosema mtoto asipokutazama ni heshima. Mtoto wa miaka miwili hajafika huko. Mwangalie unapomvisha nguo au mnapocheza, kisha ujibu ulichokiona.

Mzee_wa_Hesabu
Alama: kila “hapana” ni 1, isipokuwa la 2, 5 na 12, ambako “ndiyo” ndiyo inayohesabiwa. Kwa hiyo mama, hapo tayari una 2. Jumla 0 hadi 2 ni hatari ndogo. Ikiwa 3 hadi 7, mhudumu arudie nawe yale maswali yaliyohesabiwa alama kwa mahojiano ya kina. Zikibaki 2 au zaidi, rufaa. Kuanzia 8, rufaa moja kwa moja. Fomu hii haitoi jibu kwamba mtoto ana usonji, na imetengenezwa kwa miezi 16 hadi 30, kwa hiyo usiiache mezani hadi miezi ipite.

TibaUsemi
Na ukienda, beba video fupi za simu: akiitwa jina akiwa anacheza, akitaka kitu, akiwa na watoto wenzake. Chumba kigeni humbadilisha mtoto.