Kiwanja cha familia ufukweni Gezaulole: tuuze au tukodishe?

Binti wa Gezaulole
Habari wakuu, naombeni ushauri. Kwetu ni Gezaulole, Kigamboni. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016, mwisho wa wiki magari hayakatiki kuja baharini. Zamani wengi walikwazwa na foleni ya pantoni pale Magogoni. Kiwanja alichotuachia babu kinapakana na njia ya kushukia diko, pale wavuvi wanapoegesha vyombo na kushusha samaki, na madalali hawabanduki barazani. Wa juzi kaja na mteja anayetaka kujenga hoteli. Kaka zangu wanataka tuuze tugawane. Baba mdogo, ambaye bado anavua kwa ngalawa, hataki hata kusikia. Mimi nakaanga pweza na samaki, wateja wangu ndio hao hao wageni, kwa hiyo siombi waache kuja. Ila kuta zinapanda kila upande. Tutapita wapi? Aliyepitia haya anisaidie.

Pwani Yote
Uzeni, dada. Uvuvi umeshuka, watoto wanataka ada. Kiwanja hakiliwi.

Mvuvi wa Kunduchi
Dada, usimsikilize. Mimi ni mzaliwa wa Kunduchi, hoteli tumezijua tangu miaka ya 1970, na utalii unanilisha. Boti za kwenda kisiwa cha Mbudya zimeajiri vijana wengi wa kwetu, na kule kisiwani wengine wanachoma samaki na kukodisha vibanda vya makuti. Lakini wanaokula vizuri ni wale waliobaki na mahali pa kufunga boti. Jamaa zangu waliouza walihamia Bunju, wakanunua pikipiki. Pikipiki zimekufa, na kurudi baharini hawawezi, maana maji yakitaka uondoke saa tisa usiku daladala hakuna. Mvuvi akikaa mbali na diko huyo si mvuvi tena, hata kama chombo anacho.

Jambo la pili: muulizeni huyo mteja atajenga umbali gani kutoka majini. Ukipanda daladala za Barabara ya Bagamoyo utasikia kituo cha Africana. Hilo lilikuwa jina la hoteli ya ufukweni, bahari ikala ufukwe mpaka hoteli ikaachwa. Sababu mojawapo ni mchanga uliochimbwa mitoni kwa ajili ya ujenzi: ufukwe ukakosa wa kuujaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Akianza kuzungushazungusha maneno hapo, mfukuzeni.

Mama Sheria
Naongezea kidogo. Kama kiwanja bado ni cha marehemu babu, kaka zako hawana uwezo wa kuuza. Kwanza ukoo ukae kikao, apendekezwe msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe. Na mteja akiwa mgeni wa nje, sheria yetu haimpi ardhi ila kwa uwekezaji, tena kwa kupitia serikali. Akiwaambia atatumia jina la rafiki yake Mtanzania, msikubali.

Binti wa Gezaulole
Asanteni sana. Mirathi hatujafungua kabisa, nitamwambia baba mdogo leo hii. Tukikodisha, njia ya diko tuilindeje?

Mvuvi wa Kunduchi
Leteni mpima ardhi kabla ya mteja kuweka hata jiwe moja. Njia ionekane kwenye ramani, na upana wake uandikwe, mtu aliyebeba mtumbwi begani pamoja na wenzake apite bila kugusa ukuta. Kwenye mkataba muandike kwamba njia haifungwi usiku, kwa sababu ahadi ya mdomo hudumu mpaka meneja abadilishwe. Nakala moja ipelekeni ofisi ya serikali ya mtaa, nyingine kwa kikundi cha wavuvi wa diko lenu. Na kibanda chako cha pweza kiingizwe humo humo kwenye mkataba, dada. Usione haya kukitaja.