Sungura wangu mzee anadondosha mate

Wadau niko Tabora mjini hapa Isevya, nina sungura jike ana miaka 7, siku hizi anachukua karoti anatafuna kidogo anaitema, kidevu kimelowa mate mpaka manyoya yamegandamana. Jirani anasema nimkate meno na mkasi wa kucha, mnasemaje?

▸ Usithubutu! Jino linapasuka mpaka kwenye mzizi. Sungura meno yote 28 yanaota maisha yake yote, ya nyuma yasiposagana vizuri yanatoa ncha zinamchoma ulimi. Daktari wa mifugo ndo anayasaga, tena amchome usingizi kwanza.

▸ Pumba punguza mkuu, majani makavu yawe mengi

▸ Anakunya? Kama hali na kinyesi hamna usisubiri Jumatatu, utumbo ukisimama anakufa fasta

▸ Kinyesi kipo ila vidogo vidogo, nampeleka leoleo