Kabati la nguo la mama, sm 240 kwa 200: niliunge uani au chumbani?

MwanaNgamiani
Shikamooni wazee, na wengine habari zenu. Mimi si seremala wa kazi. Kutwa niko ofisini Chumbageni, mbao nazishika jioni na Jumapili uani kwa mama, hapa Ngamiani, kwa randa aliyoniachia marehemu baba.

Mama ana kanga zake za miaka na miaka, doti kwa doti, ziko kwenye masanduku mawili na nyingine zimelundikwa kitini. Nimemwahidi kabati: kimo sm 240, upana sm 200, kina sm 60, milango minne. Mbao ni mkangazi, nimenunua kidogo kidogo tangu mwaka jana, nimezipanga barazani kwa vijiti katikati ili hewa ipite.

Hofu yangu kubwa ni milango. Mwaka juzi nilimtengenezea dada kabati dogo. Mlango niliunga mbao tatu kwa gundi ukawa ubao mmoja mpana, nikaupachika Februari, kaskazi inavuma. Ukafunga vizuri sana. Masika ilipokolea ukavimba, ukang'ang'ania, dada akavuta mpaka mkono wa mlango ukang'oka. Nikaupiga randa pembeni. Kaskazi iliporudi, pengo likawa linaingia kidole. Mama ana baridi yabisi mikononi, sitaki ahangaike na mlango wa kuvutana nao.

La pili: mlango wa chumba una upana wa sm 78 na dari iko sm 245. Nimalizie uani nikaliingize zima?

FundiWaPangani
Marahaba mwanangu. Usiliingize zima, hata mlango wa chumba ungekuwa mpana mara mbili. Unaona dari imezidi kabati kwa sm 5 ukadhani inatosha. Kabati huingia limelala, na wakati wa kulisimamisha ni kona ndiyo inayopanda juu kuliko yote. Pima kutoka kona hadi kona ya ubavu wa 240 kwa 60: ni sm 247 na ushee. Litagota darini likiwa limeinama, na wanaume wanne wamelishika.

Tengeneza kitako peke yake, sm 10. Juu yake masanduku mawili, kila moja kimo sm 230 na upana sm 100. Hapo kona hadi kona ni chini ya 238, linasimama bila taabu, na kwa kina cha 60 linapita mlangoni kiubavu. Ukishayapanga juu ya kitako, yabane pamoja kwa bolti nne. Siku mama akihama chumba, unafungua tu.

Sasa milango. Ubao hauvimbi kwa urefu, unavimba kwa upana. Ule wa dada yako ulikuwa upana mtupu. Wa mama uwe fremu ya vipande vya sm 8, ulimi uingie kwenye tundu, hapo ndipo gundi inapokaa. Ndani ya fremu chimba mfuo, ubao wa katikati uingie humo bila gundi, ukiachiwa milimita 3 kila upande. Masika utanenepa ndani ya mfuo, kaskazi utapungua, na fremu haitajua.

Jambo moja wengi husahau: ubao wa katikati upake vanishi kabla hujaufungia ndani ya fremu. Ukipaka baadaye, kaskazi ya kwanza utapungua na utaona mstari mweupe wa mbao isiyopakwa pembeni.

BintiMuheza
Kaka, usiliegemeze ukutani. Acha sm 5 nyuma na toboa matundu ya hewa kwenye ubao wa mgongo. La kwangu liligusa ukuta, masika moja tu vitenge vikashika koga. Bawaba weka za shaba, za chuma huku pwani zinaliwa na kutu. Skurubu za shaba ni laini, hukatika kichwa kwenye mbao ngumu: toboa kwanza, tangulia na ya chuma ya saizi ileile, itoe, ndipo utie ya shaba.

MwanaNgamiani
Ahsanteni sana. Hesabu ya kona nimeirudia kwa kamba sakafuni na ni kweli kabisa, nilikuwa naelekea kubaya. Nikiwa humo nimegundua sakafu upande wa dirisha iko chini kwa sm 1.5. Nikate kitako kifuate sakafu?

FundiWaPangani
Usikate. Tia kabari za mbao ngumu chini ya kitako mpaka pimamaji itulie, kwa urefu na kwa kina, ndipo upandishe masanduku. Kitako kikilala upande, masanduku yanapinda na milango haitakutana hata uirande vipi. Mbele funika kwa ubao mwembamba, uuache milimita chache juu ya sakafu usinywe maji ya kudekia.

MwanaNgamiani
Nimeelewa mzee. Jumamosi naanza kitako. Mama ameshasema kanga zikae sanduku la kulia, karibu na kitanda.