Naomba ushauri: kusoma aya za funga pamoja, Waislamu na Wakristo, hapa Ujiji

Habari zenu wakuu. Tunaandaa kikao cha majirani wa dini tofauti, mada ni funga. Tumechagua Qurani 2:183-185, Isaya 58 na Mathayo 6:16-18.

Kuna kosa linalojirudia kwenye vikao hivi: watu hukatiza maandiko. Ukiishia 2:183 unabaki na amri tu. Aya inayofuata ndiyo inayomtaja mgonjwa na msafiri, wafunge siku nyingine, halafu inakuja fidia ya kumlisha maskini. Isaya 58:7 nayo inataka umgawie mwenye njaa chakula chako. Hapo ndipo penye utajiri wenyewe: njaa ya mfungaji inaelekezwa kwenye sahani ya jirani. Wayahudi husoma sura hiyohiyo ya Isaya asubuhi ya Yom Kippur (Siku ya Upatanisho, siku yao kuu ya kufunga), wakiwa na njaa yao ya saa 25.

Utaratibu: kila andiko lisomwe lote na muumini wake, dakika 10, kisha maswali. Mwenye dini nyingine anauliza, hafasiri. Bila hivyo kinageuka mhadhara wa kushindana, na mihadhara tunaijua.

Naomba msaada kwa haya: tuanze na Isaya, au tuanze na Qurani kwa kuwa yenyewe inataja funga ya waliotangulia? Wabaha'i (waumini wa dini ya Baha'i) nao hufunga siku 19 mwezi Machi. Tuwaingize sasa au kikao cha pili? Na nani aongoze, sheikh na mchungaji kwa zamu, au mwalimu asiye na cheo cha dini?