Kutafuta rupia za Mjerumani: je, ni kazi ya kumlisha mtu?

Fundi Simu, Tabora
Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nina umri wa miaka 31 na ninatengeneza simu. Jirani yangu ananishawishi tununue kwa ubia mashine ya kutambua vyuma ardhini, tuzunguke kwenye maboma ya zamani, kwa kuwa anaamini kwamba Wajerumani walipouacha mji huu mwaka 1916 walifukia dhahabu njiani. Ninajua kwamba mwaka huohuo sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zilitengenezwa hapahapa Tabora katika karakana ya reli, kwa hiyo siioni habari hii kuwa ya kutunga tu. Je, yupo anayeishi kwa kazi hii?

Mzee wa Parafujo
Mdogo wangu, sarafu hizo ni za kweli, ila zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 7 hivi, na robo ya uzito huo si dhahabu. Zilitengenezwa kwa sababu vita vilikuwa vimekata njia ya kuleta fedha kutoka Ulaya, yaani zilikusudiwa kutumika, si kufukiwa. Mimi nilichimba usiku tatu chini ya mwembe, baada ya kulipia ramani na mbuzi mweusi wa kafara. Mashine ililia kweli. Tulitoa parafujo mbili za reli na jembe lisilo na mpini. Muulize jirani yako ramani ameipata kwa nani.

Mwanasheria Mstaafu
Ongeza na hili: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka mtu awe na leseni kabla ya kuchimba kutafuta vitu vya kale. Hata wenye mitaji mikubwa huumia. Mmarekani Mel Fisher alitafuta Atocha, meli ya Kihispania iliyozama na hazina mwaka 1622, kwa miaka 16 hivi hadi alipoipata mwaka 1985, na katika msako huo alimpoteza mwanawe na mkwewe. Odyssey, kampuni inayosaka meli zilizozama, nayo iliopoa sarafu zinazokaribia 600,000 za meli ya Kihispania mwaka 2007, kisha mahakama za Marekani zikaamuru zirudishwe Hispania.

Nanga, Mombasa
Kama kinachokuvuta ni kufukua yaliyopita, kasomee akiolojia. Meli ya Kireno ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ilichimbuliwa na wapiga mbizi na wanaakiolojia kuanzia mwaka 1977, na vitu vyake vimo katika makumbusho ya ngome hiyo. Mshahara si mnono, lakini hauhitaji mbuzi.

Fundi Simu, Tabora
Ninawashukuru nyote. Nimemuuliza jirani. Aliyempa ramani ndiye huyohuyo anayeuza mashine.